Waya Niliouficha Chumbani kwa Mama Mkwe

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha pabaya: nje ya lango la shemeji yangu, na begi la nguo, begi la vifaa, na mke asiyetaka hata kunitazama.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni fundi wa intaneti. Nilitoboa ukuta wa mteja mkubwa, drili ikakutana na bomba la maji, zulia lake likaogelea, na unga wangu ukamwagika siku hiyo hiyo. Ilipoondoka kazi, nyumba nayo ikaaga. Tukabaki kumbishia hodi kaka yake mke wangu.

Lango lilifunguliwa. Naanzia hapo, na leo sitawachekesha sana.

Shemeji ni mhasibu. Ni mtu mwema, ila akikutendea wema hakuachi uusahau. Alitupa chumba cha uani, akatupa na godoro, na kila asubuhi akatuuliza kama godoro lile halituumizi mgongo. Haukupita muda akanitania mezani kwa ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Na wewe jembe lako si drili?" akasema.

Mke wangu akainamia sahani yake. Alikuwa hataki kusikia neno drili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuingiza intaneti. Kampuni ilishafikisha waya kwenye nguzo ya nje, lakini mafundi wao walitaka kuupitisha juu ya mlango wa sebule na kuugongelea misumari, na mke wa shemeji akawaonyesha njia ya kutokea. Huyu nyumba nzima inamwita Madamu. Kwake hata rimoti ina kikapu chake.

"Sitaki kuona waya hata mmoja, shemeji," akaniambia. "Waya ukining'inia ukutani naona kama nyumba yangu imetoka nje na shumizi inachungulia."

Hapo nikajikuta natabasamu. Kazini walikuwa wakiniita Kinyonga, kwa sababu waya nikishaupitisha mimi hauonekani tena. Naupitisha kwenye pembe ya dari, nauzamisha nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, naupaka rangi ya ukuta wenyewe, mwenye nyumba anabaki kuutafuta kama miwani iliyo usoni. Ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri duniani. Nilikuwa na hamu mke wangu akikumbuke.

Nyumba ile zamani ilikuwa na simu ya waya. Moja ilikaa kona ya sebule inayopakana na jikoni, nyingine chumbani kwa Mama, yaani mama mkwe wangu, na kati yao lilipita bomba jembamba la plastiki ndani ya ukuta. Nguzo ya intaneti nayo ilikuwa upande wa chumba cha Mama. Mungu akupe nini tena? Waya ungeingia kwa Mama, ungezama ukutani, ungeibukia sebuleni nyuma ya kabati, na Madamu asingeuona mpaka siku ya kiama.

Nikamwambia shemeji kwamba ndani ya bomba kuna waya wa ile simu.

"Huo ulishakufa siku nyingi," akasema. "Vuta utupe."

Sisi mafundi tuna ujanja wetu. Bomba likiwa na waya mfu, huhangaiki kuusukuma mpya. Unaufunga mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unakwenda upande wa pili, unavuta. Maiti anatoka, mrithi anaingia.

Kanuni ni kuupima kwanza, hata kama mwenye nyumba ameapa kwa kaburi la baba yake. Testa ilikuwa ndani ya begi langu, na sikuitoa. Meza ilikuwa inaandaliwa, nami nilitaka nimalize kabla hawajaketi, nibonyeze kitu mbele ya mke wangu kiwake.

Nikaingia chumbani kwa Mama.

Mama mkwe wangu kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia, kikachukua na ulimi. Alibakiwa na mkono wa kushoto na sauti fulani za kooni, ambazo wanawe wote wawili hawakuweza kuzifasiri. Aliyezielewa ni msichana mmoja tu, yule aliyeajiriwa kumuuguza, tuliyezoea kumwita Dada. Mama akinguruma kidogo, Dada anasema, "Anataka dirisha lifungwe." Akinguruma tena, "Anasema umekonda." Naye Mama anatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Asubuhi ile Dada alikuwa jikoni.

Nikamwamkia Mama, nikasogeza kitanda chake taratibu, nikafungua kifuniko cha soketi ya simu nyuma ya ubao wa kitanda. Nilikuta nyaya mbili nyembamba. Zilitoka kwenye bomba na kupotelea chini ya godoro. Nikajisemea kwamba huo ni mkia wa simu ya marehemu baba mkwe.

Nikachukua koleo. Mama akaanza kunguruma.

Hakunguruma kama siku zote. Alinguruma mfululizo, na mkono wake wa kushoto ukawa unapiga godoro. Nikafikiri vumbi linamkera. Nikamfuta uso kwa kitambaa, nikamwambia maneno haya, na Mungu ananisikia: "Usihofu, Mama. Nikimaliza hutauona waya wowote."

Nikakata. Nikafunga mpya kwenye wa zamani, nikaenda sebuleni, nikaukata na upande huo, nikavuta. Ulipita kama uzi kwenye tundu la sindano. Niliporudi kufunika soketi Mama alikuwa ametulia, machozi yanamtoka upande ule wa uso uliobaki na uhai. Wagonjwa wa kiharusi hutokwa na machozi bila sababu, hata daktari alishatuambia. Nikamfuta tena.

Intaneti ikawaka. Madamu akazunguka sebule nzima akitafuta waya kwa kidole, akachungulia hadi nyuma ya pazia, akakosa. Akafungua muziki kwenye televisheni kwa sauti kubwa kupima kasi. Shemeji akanishika bega. Nikampa kila mtu nywila, na Dada nikampelekea mwenyewe jikoni, naye akafurahi kama mtoto. Halafu mke wangu akanipakulia chakula kwa mkono wake, jambo ambalo hakulifanya tangu zulia la yule mteja lilipoogelea.

"Kumbe bado unaweza," akaniambia.

Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Na tulipokuwa tunakula, Mama alikuwa anabonyeza kengele.

Ngojeni niwaeleze habari ya kengele. Mama alikuwa na kitufe kilichofungwa pembeni mwa kitanda, upande wa mkono wake mzima. Akikibonyeza, kengele inalia jikoni nyuma ya mlango, na unasikia ndala za Dada zinakwenda mbio. Niliisikia kila siku. Lakini sikuwahi kuona waya wake, kwa hiyo nikadhani ni hizi za kisasa zisizotumia waya. Shemeji naye alihamia pale baada ya mazishi ya baba yao, akadhani hivyo hivyo.

Kumbe kengele ile aliitengeneza marehemu mwenyewe, mkewe alipougua. Alichukua waya wa simu iliyokufa, akaufanya waya wa kengele. Upande wa jikoni akauzika kwa plasta na kuupaka rangi, upande wa chumbani akaupitisha chini ya godoro. Marehemu naye hakupenda waya uonekane. Mimi Kinyonga, niliyejivunia kuficha, nikadanganywa na kazi ya mzee aliyeficha vizuri kunishinda.

Mama alibonyeza, hakuja mtu. Labda alitaka maji, labda alitaka kwenda haja. Labda alitaka Dada aje asikie kilichotokea. Mwisho akajaribu kushuka peke yake.

Kishindo tulikisikia wimbo ulipokatika. Tulimkuta sakafuni, mguu umekaa vibaya, na mkono wa kushoto bado umeshika kile kitufe, kimeng'oka kitandani.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Shemeji akambeba, Madamu akawasha gari, mke wangu na Dada wakapanda nyuma wamemshikilia. Mimi nikaachwa nilinde nyumba.

Nikasimama chumbani peke yangu. Nikakiokota kile kitufe nikakibonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, huku nimegeuza sikio jikoni. Nikauinua ukingo wa godoro, nikaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya ubao, mpaka pale nilipoukata mimi.

Nilikaa sakafuni pale pale alipoangukia. Nililia, sitaki kuwaficha.

Sasa sikilizeni jinsi shetani anavyofanya kazi na vifaa vyako mwenyewe. Fundi mwenye adabu akimaliza kupitisha waya huacha uzi ndani ya bomba, ili atakayekuja baada yake apate wa kuvutia. Mimi niliuacha, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Basi nikaufunga waya wa kengele kwenye uzi ule, nikaurudisha bombani ubavuni mwa waya wa intaneti, nikachokonoa plasta ya jikoni nikaupata mkia wake, nikaunga, nikafunika, nikaziba plasta na kuipaka rangi. Nikabonyeza. Kengele ikalia.

Nawaapia, wakati ule sikuwa na nia mbaya. Nilimfikiria Mama tu, kwamba akirudi akute kengele yake. Nilipanga shemeji akiingia nimwambie yote. Nilikwisha kuyapanga hata maneno.

Waliporudi jioni, Mama wamemwacha wodini, shemeji hakunisalimu. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani. Kumbe njia nzima Dada alikuwa anawaambia kwamba kengele haikulia. Shemeji akakichukua kitufe, akakibonyeza, na sisi wote tukaisikia jikoni, safi kabisa.

"Hii inayolia ni nini?" akamuuliza Dada.

Dada akatazama jikoni, akatazama kitufe. "Wakati ule haikulia," akasema. "Nilikuwa naosha vyombo, niko chini yake. Haikulia."

"Ulikuwa na vitu masikioni," akasema Madamu. "Nilipokuja kuchukua chumvi nilikuona."

Ni kweli. Nilikuwa nimempa nywila, naye akaweka kisikilizio asikilize nyimbo zake huku anaosha vyombo.

"Sikio moja tu," Dada akasema, na sauti yake ikaanza kuyumba. "Lingine lilikuwa wazi. Ningesikia. Nadhani ningesikia."

Hapo kwenye "nadhani" ndipo walipomshika. Mke wangu alimsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akamwambia kwamba amemlaza mama yake sakafuni kwa ajili ya wimbo. Mimi maneno yangu niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Mke wangu akageuka, akaniegemeza kichwa kifuani mbele ya watu wote, akalia, akasema, "Afadhali leo wewe upo."

Nikayameza.

Mtasema ningemwambia kesho yake. Kesho yake nilisema kesho. Kila siku iliyopita jambo likazidi kuota mizizi, kwa sababu sasa nisingeungama kukata waya tu, ningeungama pia kuurudisha na kunyamaza. Kukata kulikuwa bahati mbaya. Hili la pili halina jina zuri.

Madamu alimpiga Dada marufuku kukanyaga hospitali. Kwa hiyo Mama alinguruma wodini usiku na mchana, na binti yake na mwanawe wakamjibu, "Ndiyo Mama, pole Mama," bila kuelewa lolote. Mke wangu alirudi akisema mama yake anahangaika mno, sijui anataka nini. Mimi nilijua.

Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Nilianza kupiga hesabu. Aliyeniona nikikata ni Mama. Anayeielewa lugha ya Mama ni Dada. Dada akiondoka kabla Mama hajarudi, habari imekwisha. Nilijikuta naomba waharakishe kumfukuza.

Dada mwenyewe alibaki akipiga deki na kufua, maana shemeji alisema hatamtoa kabla hajapata mwingine. Siku moja nilimkuta jikoni amesimama chini ya kengele, sikio moja ameziba kwa kidole. Aliniomba nikabonyeze kitufe chumbani. Nikaenda, nikabonyeza. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye ndoo.

"Nimeisikia," akasema. "Hata ukiziba moja unaisikia. Sasa kaka, siku ile nilikuwa na nini?"

Nikamwambia asijitese, binadamu husahau. Ndiyo maneno niliyompa. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni yeye.

Shemeji naye akaniita pembeni. Muuguzi mpya alishapatikana kwa wakala, na safari hii hataki mchezo. Anataka kamera chumbani kwa Mama, imwonyeshe muuguzi anafanya nini, aweze kuiangalia hata akiwa ofisini.

"Na waya usionekane," akasema. "Wewe ndiye bingwa."

Niliifunga. Waya hauonekani.

Mama akarudishwa mchana, amekonda, mguu umefungwa. Muuguzi mpya angefika kesho yake. Madamu hakutaka Dada alale pale hata usiku mmoja zaidi, na begi lake lilikuwa mlangoni tayari. Shemeji alimwambia hatamshtaki, ila yeyote atakayempigia simu kuulizia habari zake, atamwambia ukweli. Sote tulijua maana yake. Kazi ya kuuguza wazee ni kazi ya jina, na jina lake lilikuwa limekwisha.

"Naomba nimuage Mama," akasema.

Madamu akakataa. Mke wangu, sijui moyo wake ulilegezwa na nini, akasema aachwe, miaka aliyomwogesha mama yake si midogo. Tukaingia wote. Nilisimama karibu na mlango.

Dada akapiga magoti kando ya kitanda. Mama alipomwona alianza kunguruma, mfululizo, kama ile asubuhi. Mkono wake wa kushoto ukaukamata mkono wa Dada na kuupigapiga kwenye ubao wa kitanda, kwenye ukuta, kwenye kifuniko cha ile soketi.

Dada alisikiliza. Niliona mgongo wake unanyooka. Akauliza kitu kwa sauti ndogo, Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akauliza tena, Mama akatikisa kwamba hapana, akaufinya mkono wake, akanguruma taratibu kwa muda mrefu, na macho yake yakamtazama mke wangu.

"Anasemaje?" mke wangu akauliza.

Dada akainuka. Akanitazama mimi. Nikajua sasa basi, maji yamefika shingoni.

"Ananiaga," akasema. "Anasema niende salama."

Shemeji akashusha pumzi. Madamu akaenda kumfungulia lango. Nami kwa unafiki wangu nikalibeba begi la Dada, kama muungwana, nikamsindikiza.

Langoni akalipokea. Hakupandisha sauti.

"Mama alikuona ukikata," akasema. "Anasema alikuambia, ukamfuta uso. Nimemuuliza niseme, amekataa. Anasema binti yake ameshabeba vitu vyake nyumba hadi nyumba, na akijua hili atakuacha, na hana pa kwenda. Ameniomba nivumilie mimi."

Nilishika lango.

"Siku zote hizi nilidhani nimekuwa kiziwi," akasema. "Nimemwahidi Mama sitasema, na ahadi yangu kwake sitaivunja. Lakini wewe hukumwahidi kitu."

Akaenda. Hakugeuka, na begi lake lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea.

Nilirudi sebuleni. Wote watatu walikuwa wamekaa, na mke wangu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Alikuwa anakuambia nini pale langoni?" akauliza. "Nimekuona dirishani. Umeshika lango kama mtu anayetaka kuanguka."

Nikafungua mdomo.

Kengele ikalia jikoni.

Tulizoea kwamba ikilia unasikia ndala za Dada. Tukangoja. Shemeji akamtazama Madamu, Madamu akamtazama mke wangu. Hakuinuka mtu, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuitika kengele ya Mama.

Ikalia tena.

"Nenda wewe," shemeji akaniambia. Alikuwa ameshatoa simu yake, na kwenye kioo nikaiona picha ya ile kamera niliyoifunga mimi: Mama kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, kidole kiko juu ya kitufe. "Hebu nenda ukamsikilize, sisi tutakuangalia hapa."